Mwaka Tuliopigana na Sisimizi

Dada yangu Somoe tulimzika mwaka huu, hapahapa Mtawanya, katika makaburi yaleyale alimozikwa mumewe, ingawa si karibu naye, maana nafasi za karibu zilikwisha kujaa siku nyingi. Baada ya hitima watu walitawanyika, majirani wakachukua masufuria na mikeka yao, tukabaki wawili nyumbani, mimi na binti yake Salma, tukipanga nguo za marehemu mafungu mafungu kwa ajili ya kugawa. Salma ni mjamzito. Katikati ya kukunja kanga aliniambia kwamba kliniki walimwuliza kama kwao kuna mtu mwenye sukari, naye akajibu hakuna, kwa sababu tangu utotoni mama yake alimwambia baba yake alikufa kwa homa. Kisha akaniuliza, uso ameuinamisha kwenye kanga, "Mama mdogo, homa gani?" Watu wa kulijibu swali lile tulikuwa tumebaki wachache, na mmoja wetu ndio kwanza tumetoka kumfukia. Nikamwambia aache kukunja, akae. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo siku ile ulimi ulikataa kuyatoa.

Nilikuja kukaa kwa dada nikiwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nikisubiri majibu. Salma mwenyewe ndio kwanza alikuwa anajifunza kutambaa. Nyumba ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu ya saruji upande wa mbele tu, ule unaoonekana na wapita njia. Sebuleni kulikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na meza ndefu ambayo miguu yake ilisimama ndani ya vikopo vya maji. Chumba changu ndicho kilichokuwa pia ghala la makopa, na hadi leo nikisikia harufu ya muhogo mkavu naona lile dirisha dogo lenye wavu uliotoboka. Nyuma kulikuwa na jiko la makuti, na mbele kidogo ya choo, bafu la ukuta wa udongo lisilo na paa, lenye mawe matatu ya kusimamia. Ukuta wa bafu ulikuwa ndio mpaka. Upande wa pili wake palianza uwanja wa jirani.

Shemeji Bakari alikuwa dereva wa lori. Alibeba korosho kutoka Newala na Masasi kuleta maghalani, na msimu ukiisha alibeba chochote kile, saruji, chumvi, samaki wakavu, mpaka Kilambo kwenye kivuko cha mtoni. Alikuwa mtu mnene wa kucheka pole pole, na kitu alichokipenda pale nyumbani, ukimwondoa mtoto, kilikuwa ukoka. Mtawanya nzima watu walifyeka majani, wakaufagia uwanja hadi ukabaki mchanga mtupu wenye mistari ya fagio, yeye akaenda kuomba mizizi ya ukoka kwenye nyumba moja ya wakubwa kule Shangani, akaileta kwenye gunia, akaipanda mbele ya nyumba yake. Watu walimcheka kwamba anapanda kile ambacho wenzake wanashinda wakikipalilia. Hakujali. Jioni, siku alizokuwepo, aliweka kiti katikati ya yale majani, akavua viatu, akanyoosha miguu, Salma akitambaa pembeni yake kama yuko kwenye zulia. Dada alilalamika kwamba majani yanaleta wadudu, lakini nilimwona mara nyingi akisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi akiwatazama wale wawili, hana haraka ya kukipeleka.

Sisimizi walianza masika. Mwanzo hatukuwatilia maanani, kwani nani asiye na sisimizi? Halafu siku moja mchana tukamsikia Salma analia kwenye mkeka kilio ambacho si cha njaa. Tulipomfikia walikuwa wamempanda hadi shingoni, na mstari wao ulipita kwenye ukoka ukazunguka nyumba kuelekea nyuma. Dada alimkung'uta, akamwogesha maji ya ndimu, akampaka mafuta ya nazi, na tangu saa ile akatangaza vita. Sijaona mtu aliyepigana na wadudu kama alivyopigana yeye. Alizungushia nyumba majivu. Mvua ikayaosha, akazungushia tena. Alichemsha maji katika sufuria la pilau, tukaenda naye kuyamimina kwenye kila shimo, mimi nimeshika sikio moja yeye jingine. Alisaga pilipili na chumvi, akamwaga mafuta ya taa, akanunua dawa ya unga iliyotufanya sote tukohoe. Bakuli la sukari lilikaa ndani ya bakuli kubwa la maji. Kula tulikula kwa hadhari, chembe ya wali isianguke, na tukishamaliza kisamvu na ugali alifuta jamvi mara mbili, ya kwanza kwa kitambaa chenye maji, ya pili kwa kikavu. Sisimizi walipungua siku mbili tatu, wakarudi. Na kila waliporudi, mahali walipokuwa wengi kuliko pote palikuwa palepale: chini ya ukuta wa bafu, upande wetu, ardhi imekuwa nyeusi inatembea.

Jirani wa upande ule alikuwa Mama Atija, mjane, mpangaji. Wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji miaka ya vita yeye akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka chini kama mtu anayepanga mayai. Alikuwa na binti mmoja, huyo Atija, wa umri wa kwenda shule. Maisha yao yalitoka kwenye kashata za korosho. Alibangua mwenyewe, akayeyusha sukari kwenye karai, akachanganya, akakata vipande, akaenda kuuza penye geti la shule. Moshi wa maganda ya korosho ulikuja kwetu asubuhi, na harufu ya sukari inayoungua ilikuja mchana. Kabla ya masika yale walikuwa majirani wema. Dada aliazima kinu kwake, yeye aliazima ungo kwetu, na siku shemeji akirudi na samaki kutoka mtoni fungu moja lilipita nyuma ya bafu kwenda kwake.

Kwa hiyo ilikuwa rahisi. Sukari iko kule, sisimizi wako huku, na kati yao kuna ukuta. Dada alimwendea kwa adabu mara ya kwanza, akamwomba ahamishie karai lake mbele ya nyumba. Mama Atija alihamisha. Sisimizi hawakupungua. Akaombwa asimwage maji ya kuoshea karai, akaacha, akawa anayabeba kwenye ndoo kwenda kuyamwaga mbali, barabarani. Sisimizi hawakupungua. Hapo sauti ya dada ikaanza kubadilika, na mimi niliisikia inabadilika kama mtu anavyosikia mvua inatoka mbali. Akaanza kuniambia, tukipepeta mchele, kwamba si bure. Kwamba nimtazame vizuri yule mama. Kwamba watu wa ng'ambo wana mambo yao.

Kitu kilichomkamata hasa ni hiki. Dada alikuwa na jicho kali, na aligundua ambacho wengine tusingekigundua: sisimizi walikuwa wengi shemeji akiwa nyumbani. Akisafiri wiki nzima, ukuta ulikauka, wakabaki wawili watatu wanaohangaika. Akirudi, kesho yake au keshokutwa ardhi ilikuwa nyeusi tena. Aliliona hilo kabisa, kwa usahihi, na akalitafsiri kwa moyo alioumbwa nao. Mjane yuko peke yake upande wa pili wa ukuta. Mume wa mtu anaoga upande huu. Sisimizi wanakuja mume akiwepo. Basi wametumwa kwa mume. Nikiyafikiria sasa, na nimekwisha kuwa mtu mzima kumzidi dada yangu wa siku zile, namhurumia, maana hakuwa mjinga. Mtu mwenye hofu moja kubwa asiyotaka kuitazama atashika hofu nyingine yoyote iliyo karibu na mkono.

Ile kubwa ilikuwa hii. Shemeji alikuwa anakonda. Mashati yalianza kumpwaya mabegani, kisha shingoni, kisha akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Mtungi nilioujaza asubuhi adhuhuri ulilia mtupu, na akitoka safari alishuka na soda mkononi na nyingine mfukoni, anasema koo linawaka. Alikwenda haja ndogo kila mara, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali kidogo na njia yake ilikuwa na utelezi, alikuwa anaishia bafuni. Siku zile mtu akikonda hapakuwa na maneno mawili. Dereva akikonda hapakuwa hata na hilo moja. Nilikuwa bombani, nimeinamia ndoo, wanawake wawili nyuma yangu wakasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaozungumzia bei ya dagaa, kwamba yule wa lori ameshaanza kuisha, na mkewe naye atafuata, basi mtoto atabaki na nani. Nilijitwika ndoo nikaondoka kabla haijajaa. Nyumbani dada aliuliza kwa nini maji ni machache. Nikasema bomba lina presha ndogo.

Kwamba yeye pia alikuwa akiyawaza hayohayo, nilikuja kujua siku moja baada ya chakula cha mchana. Walidhani nimelala. Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika juu, uliishia usawa wa mtu kunyoosha mkono, na maneno yalipita pale juu kama hakuna kitu. Dada alikuwa anamwomba waende hospitali. Aliomba kwa sauti ndogo sana, ya mtu aliyekwisha kuomba mara nyingi. Nikasikia kitanda kinalia.

"Nikaambiwe nini, Somoe?" alisema. "Nikiambiwa ninachokijua, nitakuwa nimepata nini?"

"Huenda si hicho."

"Na kikiwa hicho?"

Baada ya hapo shemeji akaanza kueleza jambo la zamani, la mwanamke wa Kilambo, kabla ya ndoa yao au pengine si kabla, sikusikia vizuri, na kusema kweli nilivuta shuka nikajifunika kichwa nisisikie. Nilipoamka, dada alikuwa nje, amepiga magoti kwenye ukoka, anang'oa majani kwa mikono kufuata mstari wa sisimizi, anayang'oa na mizizi yake. Alikuwa amekwisha kutengeneza njia ya mchanga mtupu kutoka kwenye kiti cha mumewe hadi pembe ya nyumba. Hakunitazama. Nilichukua mtoto nikaingia naye jikoni.

Nadhani wiki hiyohiyo ndipo alipoyasema mbele za watu. Kulikuwa na arusi nyumba ya pili, wanawake wamekusanyika wanachambua mchele, Mama Atija naye yupo. Mtu mmoja akamtania dada kuhusu majivu yake, kwamba nyumba yake imezungukwa kama ya mganga. Dada akajibu bila kuinua macho kwamba majivu ni kwa ajili ya wanaotumiwa, na kwamba aliyemtumia yumo humuhumu ndani anachambua mchele. Sikumbuki nani aliacha kuchambua kwanza. Nakumbuka Mama Atija aliweka ungo wake chini, akaondoa punje zilizomshika kwenye mikono, moja moja, akaaga kwa wenye arusi, akatoka. Hakusema neno. Na kwa watu wengi kule kutosema neno kulikuwa ndiko kukiri.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Watoto waliacha kununua kashata, maana mama zao waliwakataza. Atija alirudi kutoka shuleni siku moja na kamba ya begi imekatwa. Asubuhi moja dada alichukua maganda ya korosho, akayachemsha yakatoa ule utomvu unaobabua ngozi, akaupaka mstari mrefu mpakani kutoka bafuni mpaka njiani, na mkono wake wa kulia ukababuka, ngozi ikatoka kwa mabaka. Shemeji aliporudi akauona mkono ule alimkemea, mara ya pekee niliyowahi kumsikia akimkemea. Alimwambia anamwonea mtu asiye na mtu. Dada akamjibu kwamba sasa amejua kwa nini anatetewa. Baada ya hilo jibu hawakuzungumza kwa siku kadhaa, na chakula nilipeleka mimi, sahani moja sebuleni na nyingine jikoni. Mwisho mwenye nyumba ya Mama Atija, mzee aliyekaa mjini, alisikia maneno, akaja, akamwambia mpangaji wake atafute mahali pengine kwa amani. Mama Atija alipata gari lililokuwa linarudi kijiji cha Ziwani tupu, kwa ndugu zake wanaolima muhogo. Alipakia karai, kinu, godoro, na kuku wawili waliofungwa miguu. Dada alifunga dirisha la upande ule. Mimi nilisimama jikoni, nikaona kupitia makuti jinsi Atija anavyomsaidia mama yake kufunga kamba, na jinsi mama yule, kabla ya kupanda, alivyosimama akaangalia chini ya ukuta wa bafu letu kwa kitambo, akatikisa kichwa.

Nyumba ile ilikaa tupu. Hakukuwa tena na moshi wala harufu ya sukari. Sisimizi walibaki. Walizidi. Walipanda sasa ukuta wa bafu hadi juu, wakaingia kwenye mawe ya kusimamia, mtu akioga anaoga akirusha miguu. Dada alikuwa bado anamwaga mafuta ya taa, lakini alimwaga kimya, hana tena mtu wa kumtaja. Ulikuwa wakati mbaya sana katika nyumba ile. Majibu yangu ya mtihani yalikuwa yametoka zamani na sikuwa nimechaguliwa kuendelea, na sikulia, kwa sababu pale hapakuwa na nafasi ya kilio kidogo kama kile. Shemeji alishindwa kuendesha. Alisema barabara inakuwa na ukungu hata jua likiwaka. Tajiri wake akampa lori mtu mwingine, yeye akawa mtu wa kukaa kwenye kiti, kwenye kile kipande cha ukoka kilichosalia. Alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, alichokipata kwa kujikwaa, na hakikupona.

Mabibo yalipoiva, mji wote ukanuka utamu uliochacha, kama unavyonuka kila mwaka, na majirani wakaanza kukamua uraka, pombe ya mabibo hayo. Mchana mmoja nilitoka kuanua nguo nikamkuta shemeji ameanguka kutoka kwenye kiti, amelala ubavu, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia. Nilimwita dada. Tulipomwinua kinywa chake kilinuka mabibo yaliyolala. Alijaribu kusema, maneno yakatoka yamekunjana. Nilimwona dada akiinusa ile pumzi na uso wake ukijifunga. Bakari hakuwahi kunywa pombe maisha yake. Lakini mwanamume aliyekata tamaa, aliyepoteza kazi, msimu wa uraka, nani angefikiri kitu kingine? Watu wawili waliopita njiani walisimama, wakanusa nao, wakatazamana. Dada aliona aibu. Tulimburuta ndani, akafunga mlango, akasema tumwache alale pombe zimtoke. Alikaa naye jioni yote akimfuta jasho, akimnong'oneza kwa hasira na machozi kwamba amemfedhehesha. Asubuhi hakuamka. Ndipo tulipotafuta gari.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la saruji barazani, Salma amelala mapajani mwangu. Dada alikuwa amejiandaa. Alikuwa amefunga kanga ya kiuno mara mbili, midomo yake inakwenda, anasoma, na mkono wake uliobabuka ameuficha ndani ya mtandio. Aliniambia bila kunitazama kwamba wakimwambia neno lile, nimchukue mtoto niende naye kijijini, nisimsubiri. Muuguzi alitoka, mama wa makamo, akauliza nani mkewe. Akasema mgonjwa ana sukari, tena imepanda vibaya sana, na inaelekea anayo muda mrefu, je, hatukuona dalili? Dada akasema, "Sukari?" Muuguzi akaitikia. "Sukari tu?" Na dada yangu akacheka. Alisema Alhamdulillahi kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa foleni wageuke, akamshika yule muuguzi mikono yote miwili, akaniangukia shingoni, analia na kucheka, mtoto akaamka kwa kubanwa. Muuguzi alimwangalia kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Alisubiri mpaka atulie. Kisha akamwambia tena, polepole, kwamba imepanda vibaya sana.

Shemeji alifariki kesho yake alasiri, bila kufumbua macho. Nimewahi kuona misiba mingi tangu hapo, ikiwa ni pamoja na wa mume wangu, na sijapata kuona kitu kama uso wa dada yangu alipopewa habari ile, kwa sababu furaha ilikuwa haijamtoka bado. Ilikuwa imeganda pale pale usoni, haijui pa kwenda.

Tukazika. Dada akaingia eda, amekaa chumbani, mlango umeegeshwa, nguo nyeupe, hapaki mafuta ya kunukia. Mimi ndiye niliyekuwa mikono na miguu yake. Nilipika, nilifagia, nilichota maji, na mtungi sasa ulikaa siku mbili haujaisha. Sikuwa nimemwaga kitu chochote bafuni, si majivu wala mafuta ya taa, kwa sababu hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa kama juma moja baada ya mazishi nilipoingia kuoga nikaona nimesimama kwenye mawe kwa utulivu. Nilitazama chini. Nikatoka nikazunguka ukuta mzima. Palikuwa pakavu, mchanga mweupe, hata mmoja hayupo. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshika kopo la maji, mambo yote kwa pamoja, kuanzia masika hadi pale. Sikumwambia dada. Lakini siku chache baadaye, nikiwa nampelekea uji, aliniuliza mwenyewe, ameangalia ukutani, kama sisimizi bado wapo. Nikamwambia hawapo. Akauliza nani amewaua. Nikasema hakuna aliyewaua, wameondoka. Alipokea kikombe cha uji akakiweka chini. Alikaa hivyo mpaka uji ukafanya utando. Hatukuongea tena habari hiyo, na nilijua kwa kimya chake kwamba naye amefika pale nilipofika.

Eda ilipokwisha, watu walikuja kumtoa, wakamwogesha, wakamvika, wakamwombea heri. Kesho yake asubuhi aliniambia nimbebe Salma mgongoni, tunakwenda Ziwani. Tulipanda gari la mizigo mpaka njia panda, tukatembea kati ya mashamba ya mikorosho na muhogo, tukiuliza. Mama Atija tulimkuta uani kwake anamenya muhogo. Alitutambua kabla hatujabisha hodi. Alisimama, akajifuta mikono, akatandika mkeka, akatupa maji ya kunywa, akampa dada pole ya msiba kwa maneno yote yanayostahili, hakuruka hata moja. Akasema alisikia, lakini hakuona kama uso wake ungefaa kuja. Halafu akaenda jikoni akarudi na muhogo wa nazi na samaki mkavu, akanawisha mikono yetu mmoja mmoja.

Dada hakunyoosha mkono kwenye chakula. Alisema amekuja kuomba radhi. Alisema alimsingizia, akamharibia riziki, akamtoa kwenye nyumba, na kwamba Bakari alikufa kwa sukari, na sisimizi wale walifuata sukari ya Bakari. Aliyasema yote kwa mfululizo, kama mtu anayesoma kitu alichokariri gizani. Mama Atija alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema.

Dada alimtazama.

"Mama yangu alianza hivihivi. Kiu, kukonda, na sisimizi pale anapokojoa. Nilipowaona ukutani kwenu nilijua ni kitu kilekile." Alitafuta maneno yake kwa utaratibu wake. "Nilitaka kuja kukwambia. Lakini ulikwisha kusema mimi nawatuma. Ningekuja kukwambia mumeo anaumwa, Mama Salma, ungesema ni mimi niliyemloga."

Kuku walikuwa wanaparuza maganda ya muhogo. Salma aliamka mgongoni mwangu akaanza kulialia, nikambembeleza kwa kumtikisa.

"Ndivyo ningesema," dada akajibu.

Mama Atija akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba amesamehe wala kwamba hakusamehe. Alisogeza sahani karibu yetu akasema tule, chakula kinapoa. Tukala. Nakumbuka muhogo ule ulikuwa mtamu, wa kuyeyuka. Wakati wa kuondoka tulifungiwa muhogo mbichi kwenye kikapu, dada akaupokea kwa mikono miwili.

Gari lilitushusha barabarani jua likiwa bado kali, watu wakatusalimu, dada akaitikia. Tulipofika uani hakuingia ndani. Alichukua fagio akaanza kufagia, kwanza mbele, penye vile vishina vya ukoka vilivyokufa, kisha pembeni, kisha nyuma, akapita bafu, akapita mpaka wenyewe, akaendelea kufagia uwanja wa upande wa pili, penye doa jeusi la meko ya Mama Atija. Nyumba ile ilikuwa imeshapata wapangaji wengine, mume na mke vijana waliokuja wakati dada yuko eda, hata hawajuani naye. Yule mke alitoka mlangoni akasimama, akamtazama, akanitazama mimi. Mwisho akamwuliza kwa heshima, "Shikamoo mama. Umepoteza kitu?"

Dada akaitikia marahaba, akasema hapana, hajapoteza kitu, akaendelea kufagia.